Samaki wa China na bei ya kitoweo Rongai

MKAZI wa Ongata Rongai anaponunua tilapia aliyekaangwa kando ya Barabara ya Magadi jioni, mara nyingi hulipa bei ambayo haikuamuliwa na mvuvi wa Ziwa Victoria, wala na mama aliyemkaanga, wala na mfugaji mwenye kidimbwi kilomita chache kutoka hapo. Bei hiyo imewekewa mpaka na katoni ya kilo 10 iliyogandishwa kusini mwa China, ikavuka Bahari Hindi ndani ya kontena na kupakuliwa Mombasa.

Ushindani huo umezungumziwa sana tangu mwaka 2018, mara nyingi kwa hasira na mara chache kwa hesabu. Wapo wanaoamini kuwa samaki wa China ndiye aliyemfukuza samaki wa Kenya sokoni. Wapo pia wanaosema kwamba bila yeye familia za kipato cha chini zisingeonja tilapia kamwe. Kila upande una sehemu yake ya ukweli, na miji ya Rongai na Kitengela ni mahali pazuri pa kuuchunguza ukweli huo kwa sababu haina ziwa, haina bahari, na kila samaki anayefika huko hubeba gharama ya safari.

Miji hiyo si ya walaji samaki kwa asili. Kajiado ni nchi ya Wamaasai, jamii ya wafugaji ambayo tangu jadi chakula chake ni maziwa na nyama, na samaki hakuwa na nafasi mezani pake. Kilichobadilisha mambo ni Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 172,569 Ongata Rongai na 154,436 Kitengela, miji miwili iliyobeba zaidi ya robo ya wakazi wote 1,117,840 wa kaunti hiyo. Wengi wao ni watu waliofuata nyumba za kodi nafuu na ploti za kujenga nje ya jiji, wakaja na ladha za makwao: Nyanza, Magharibi na Pwani. Waliwakuta majirani ambao hawakuwa wakila samaki, lakini watoto wa majirani hao nao wamejifunza.

Samaki huwafikia walaji hao kwa njia tatu. Ya kwanza hupitia Gikomba, soko la jumla jijini Nairobi ambako malori na mabasi kutoka Kisumu, Homa Bay na Busia hushusha mizigo kabla ya alfajiri. Wachuuzi wa Rongai na Kitengela huamka usiku wa manane ili wafike huko mapema, kwani anayechelewa huwakuta samaki waliochaguliwa na kuachwa. Njia ya pili ni ya Namanga, mpaka ambao barabara yake hupita katikati ya Kitengela, na ambayo huleta dagaa na samaki wengine kutoka Tanzania. Kwa kuwa Kenya na Tanzania zimo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza kutekelezwa mwaka 2005, samaki hao hawatozwi ushuru wa forodha. Njia ya tatu ni ya Mombasa, na ndiyo ya katoni.

Hesabu ya mama samaki

Ili kuelewa ni kwa nini katoni imepata wapenzi, ni lazima mtu akae upande wa mchuuzi na kupiga hesabu naye. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio bei ya siku fulani.

Tuseme mchuuzi amenunua kilo 10 za tilapia wa ziwani kwa Sh400 kila kilo. Ametoa Sh4,000. Samaki hao ni wazima: wana magamba na matumbo. Akishawapara na kuwatoa matumbo, kilo moja nzima imekwenda jaani. Kama barafu iliyeyuka njiani, au jua lilikuwa kali, au wateja walikuwa wachache siku ya kwanza, kilo nyingine huharibika. Amebaki na kilo nane za kuuza, na kila moja sasa imemgharimu Sh500.

Katoni nayo ina kilo 10. Tuseme ameinunua Sh2,500. Samaki wake wamekwisha kuparwa na kutolewa matumbo kiwandani, na wamepangwa kwa ukubwa unaolingana. Hapa lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitilii maanani. Samaki wa kugandishwa hufunikwa kwa utando wa barafu ili nyama isikauke, na utando huo una uzito. Kama kilo moja ya katoni ni maji, mchuuzi amebaki na kilo tisa, kila moja ikiwa imemgharimu takriban Sh278. Unafuu wa kweli si Sh150 kama ilivyoonekana mwanzoni, bali ni zaidi ya Sh220. Kwa maneno mengine, hata baada ya kuuziwa maji, mchuuzi bado ana sababu ya kurudi kwa muuza katoni kesho yake.

Zaidi ya hayo, katoni haimlazimishi kuuza yote leo. Mwenye jokofu, au mwenye jirani aliye na jokofu, anaweza kuwatoa samaki kumi asubuhi na kuwaacha wengine wakingoja. Na kwa kuwa wote wana ukubwa mmoja, hahitaji mizani. Walaji wa Rongai hawanunui samaki wa kukaanga kwa kilo. Hununua mmoja mmoja, kwa noti walizonazo mfukoni. Katoni ya kilo tisa halisi yenye samaki wa gramu 300 hutoa samaki 30 wanaofanana, nayo faida yake inajulikana hata kabla ya mafuta kupata moto. Tilapia wa ziwani huja akiwa mkubwa, wa wastani na mdogo katika kapu moja, na kila mmoja huanzisha majadiliano yake ya bei.

Hivyo, kinachoshindanishwa sokoni si samaki wawili tu. Ni mifumo miwili ya kumhifadhi na kumsafirisha. Mmoja una kiwanda, ghala la baridi, meli na kontena lenye jokofu. Mwingine una mtumbwi, kapu, vipande vya barafu na kilomita zipatazo 350 za barabara kutoka Kisumu hadi Nairobi. Anayesema kuwa samaki wa China ni wa bei ya chini kwa sababu ni duni, anasahau kwamba sehemu kubwa ya bei ya samaki wa Kenya ni hasara ya wale waliooza.

Ziwa lililopungukiwa

Lakini hata mfumo bora wa usafiri hausafirishi samaki wasiokuwepo. Katoni zilipata mlango wa kuingilia kwa sababu ziwa lilikuwa limepungukiwa.

Kenya inamiliki asilimia 6 pekee ya Ziwa Victoria. Sehemu iliyosalia ni ya Tanzania na Uganda. Katika asilimia hiyo 6 wamejazana maelfu ya wavuvi, pamoja na gugumaji, uchafu wa miji na nyavu zenye matundu madogo zinazonasa samaki wachanga. Mavuno ya samaki wote nchini, kutoka maziwani, baharini na vidimbwini, yalikuwa takriban tani 135,000 mwaka 2017. Kwa taifa lililokuwa likikaribia watu milioni 48, hicho ni kiasi kidogo mno. Mkenya wa kawaida hula wastani wa kilo nne au tano za samaki kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia ni takriban kilo 20.

Kisha mipaka ya majini ikabana. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka jeshi kupambana na uvuvi haramu upande wake wa ziwa, na wavuvi wa Kenya waliozoea kuvuka wakajikuta mikononi mwa askari. Tanzania nayo iliendesha Operesheni Sangara mwaka 2018. Nchi hizo zilikuwa na haki ya kulinda samaki wao, lakini matokeo yake katika soko la Gikomba yalikuwa makapu machache na bei ya juu.

Kuna historia nyingine ya zamani zaidi ambayo haipaswi kusahaulika. Sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta, alipandikizwa katika ziwa hilo miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wadogo wa asili na kugeuka dhahabu ya viwanda vya minofu. Minofu ikawa inapelekwa Ulaya. Wakazi wa Kisumu waliachiwa kichwa, mifupa na mkia, mabaki ambayo katika mtaa wa Obunga hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake mara kadhaa kwa hofu ya bakteria, kipindupindu na sumu za kuulia wadudu, na kila mara bei kandokando ya ziwa zilianguka. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba bei ya mbuta hupangwa na mnunuzi aliye mbali.

Leo mnunuzi huyo anatoka Asia pia. Bondo la sangara, yaani kile kifuko cha hewa kinachomwezesha kuelea, hukaushwa na kusafirishwa hadi Hong Kong na China, ambako ni chakula cha karamu na bei yake kwa kilo huzidi kwa mbali ile ya nyama ya samaki mwenyewe. Ni biashara ya ajabu kidogo: China huchukua kutoka Ziwa Victoria kiungo ambacho mlaji wa Rongai hajawahi kukiona, kisha humletea tilapia ndani ya katoni.

Tilapia huyo naye si mgeni kama anavyodhaniwa. Aina inayofugwa zaidi duniani ni ya mto Nile, mzaliwa wa Afrika, ambaye makao yake ya asili ni pamoja na Ziwa Turkana. Alifikishwa China mwaka 1978. Leo China inaongoza duniani kwa kumfuga, hasa katika majimbo ya Guangdong, Guangxi na Hainan, ikivuna zaidi ya tani milioni moja na nusu kwa mwaka. Ikilinganishwa na kiasi hicho, mavuno yote ya Kenya ya mwaka 2017 hayafiki hata sehemu moja ya kumi.

Wingi huo ndio siri ya bei. Viwanda vya chakula cha samaki viko karibu na mabwawa, viwanda vya kugandisha viko karibu na bandari, na serikali ya China imekuwa ikiwarudishia wauzaji wa nje sehemu ya kodi waliyolipa. Soko lao kubwa kwa miaka mingi lilikuwa Marekani. Septemba 2018 serikali ya Rais Donald Trump iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa nyingi za China, tilapia wakiwemo, na mwaka 2019 ukapandishwa hadi asilimia 25. Wauzaji walitafuta kwa bidii zaidi masoko mengine, na Afrika ilikuwa imekwisha kuwazoea. Vita vya ushuru kati ya mataifa mawili makubwa vinaweza, kwa njia hiyo, kushusha bei ya kitoweo Kware au Kiserian bila yeyote huko kuarifiwa.

Mfugaji katikati

Anayeumia zaidi katika mpangilio huu si mvuvi wa ziwani. Huyo, pamoja na shida zake zote, bado ana wateja wanaomtaka samaki wake kwa ladha na ambao wako tayari kulipa zaidi. Anayeumia ni mfugaji mdogo, kwa sababu samaki wake ana ukubwa ule ule, sura ile ile na wateja wale wale wa samaki wa katoni.

Mwaka 2009 serikali ya Kenya, kupitia Mpango wa Kufufua Uchumi, ilianza kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, jumla ya vidimbwi 28,000. Wakulima walipewa vifaranga na chakula cha kuanzia. Kwa miaka michache ilionekana kana kwamba mapinduzi yamefika: samaki wa kufugwa waliongezeka hadi takriban tani 24,000 mwaka 2014. Kisha chakula cha ruzuku kikaisha. Kufikia mwaka 2017 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 12,000 na ushei, karibu nusu. Katika vijiji vingi vidimbwi hivyo viligeuka makazi ya vyura au vikafukiwa ili kupanda mboga.

Kuilaumu China peke yake kwa anguko hilo si haki. Hesabu ya chakula inaeleza mengi zaidi. Ili tilapia aongeze kilo moja ya uzito, anahitaji kilo moja na nusu hadi mbili za chakula. Tukichukulia, tena kwa mfano tu, kwamba kilo ya chakula cha viwandani ni Sh120, basi chakula peke yake kitamgharimu mfugaji kati ya Sh180 na Sh240 kwa kila kilo ya samaki. Na chakula, kwa kawaida, ni kama theluthi mbili ya gharama zote za ufugaji. Ukiongeza vifaranga, maji, umeme wa pampu na mlinzi, kilo moja imemgharimu kati ya Sh270 na Sh360 kabla hajaona faida. Katoni iliyo sokoni kwa Sh250, au hata Sh278 ya kweli, inamwacha akiwa amesimama ukingoni mwa kidimbwi chake bila cha kufanya. Akiuza kwa bei ya katoni anakula hasara. Akingoja, samaki wanaendelea kula.

Rongai na Kitengela zina ugumu wao wa ziada. Tilapia hukua upesi katika maji ya nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi. Rongai iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti maji ya kidimbwi kilicho wazi hupoa kiasi kwamba samaki hula kivivu na kukaa bila kuongezeka. Samaki ambaye angefikia uzito wa kuuzwa kwa miezi sita kando ya ziwa huweza kuhitaji miezi mingi zaidi hapa, akila muda wote huo. Wengine hufunika vidimbwi kwa mahema ya nailoni ili kuhifadhi joto, na nailoni nayo hununuliwa. Maji yenyewe ni ya visima virefu, ambayo katika sehemu nyingi za Kajiado yana chumvi na madini ya floridi. Mwenye kidimbwi Kitengela hulipia maji ambayo mwenzake wa Homa Bay huyapata bure.

Faida pekee aliyo nayo mfugaji wa Kajiado ni ukaribu. Anaweza kumuuza samaki akiwa hai au aliyevuliwa saa hiyo hiyo kwa hoteli, kwa makanisa yenye sherehe, kwa majirani wanaopita na gari wikendi. Wanaofaulu ni wale walioacha kushindana na katoni kwa bei na kuuza kile ambacho katoni haiwezi kuwa nacho. Soko hilo lipo, lakini ni dogo, nalo hujaa upesi.

Marufuku ya miezi michache

Oktoba 2018 suala hili lilifika kileleni. Akizungumza na wafanyabiashara wadogo katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Rais Uhuru Kenyatta alihoji ni kwa nini taifa lenye wavuvi linaagiza samaki kutoka China, na akaashiria kwamba sheria zilizopo zinatosha kuwazuia. Wakati huo samaki hao walikuwa wakiigharimu nchi zaidi ya shilingi bilioni moja kwa mwaka. Ubalozi wa China haukufurahishwa. Mwezi uliofuata, Novemba, mwezi ule ule ambao Kenya ilizindua Huduma ya Walinzi wa Pwani na kuandaa kongamano la kimataifa kuhusu uchumi wa majini jijini Nairobi, idara ya uvuvi ilitangaza kwamba uagizaji kutoka China ungesitishwa.

Marufuku hayo hayakudumu. Mapema mwaka 2019 serikali ililegeza msimamo, kwani upungufu ulikuwa bayana: samaki wa ndani hawakutosha kuziba pengo na bei zilikuwa zikipanda. Kipindi hicho kifupi kilifundisha kile ambacho ripoti nyingi hazikuweza kukifundisha. Katoni zilipoanza kuadimika, mfugaji mwenye samaki tayari alipata bei nzuri, lakini wafugaji wenye samaki tayari walikuwa wachache. Samaki hazalishwi kwa tangazo. Kifaranga kilichotiwa majini siku ya tangazo huvunwa baada ya nusu mwaka au zaidi. Mama anayekaanga alikuwa na chaguo mbili: kupandisha bei au kununua samaki wadogo zaidi kwa bei ile ile. Wengi huchagua la pili, na mteja hulipa bila kutambua.

Tangu hapo njia iliyofuatwa ni ya kodi badala ya marufuku. Kwa muda mrefu samaki wanaotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki wametozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliongeza juu yake ushuru wa bidhaa kwa samaki wanaoagizwa. Kodi ina ubora mmoja dhidi ya marufuku: haikatizi ghafla. Ila inapaswa kusemwa waziwazi nani huilipa. Mwagizaji huihamishia kwa muuza jumla, muuza jumla kwa mchuuzi, na mchuuzi kwa kibarua wa Kitengela aliyetoka kazini katika viwanda vya Athi River na kutaka kitoweo cha jioni. Mfugaji hufaidika iwapo tu atakuwa na samaki wa kumuuzia kibarua huyo.

Je, wapo? Jibu limeanza kubadilika, ingawa halijatoka vidimbwini. Limetoka katika vizimba, yaani matundu ya nyavu yanayoelea ziwani kwenyewe. Hesabu ya watafiti mwaka 2017 ilipata vizimba zaidi ya 3,600 upande wa Kenya, na idadi imekuwa ikiongezeka. Kampuni ya Victory Farms, iliyoanza katika muongo huo kwenye ufuo wa Kaunti ya Homa Bay, imekwenda hatua ambayo wavuvi hawakuiweza: haifugi tu, bali pia ina malori yake ya baridi na matawi yake ya kuuzia katika mitaa ya miji, ambako mchuuzi hununua samaki kwa kilo bila kwenda Gikomba usiku. Kwa maneno mengine, imeiga mfumo wa katoni. Janga la Covid-19 lilipotatiza usafiri wa bidhaa duniani mwaka 2020, samaki wa vizimba walipata nafasi ya kujitambulisha kwa wateja waliozoea wale wa China.

Vizimba vina hatari zake. Novemba 2022 wafugaji katika sehemu kadhaa za ziwa waliwakuta samaki wao wakielea, wafu, baada ya maji yenye upungufu wa hewa ya oksijeni kupanda kutoka chini. Waliopoteza walikuwa wamekopa. Na samaki wa vizimba, kama yule wa kidimbwini, hula chakula cha kununuliwa, kwa hiyo bei yake haiwezi kushuka sana chini ya bei ya chakula hicho.

Kuhusu usalama wa samaki wa katoni, uvumi umekuwa mwingi kuliko ushahidi. Sheria inataka kila shehena iwe na cheti cha afya kutoka inakotoka na ikaguliwe inapoingia nchini, na mahali pa kudai uthabiti ni hapo, katika ukaguzi. Wakati huo huo, samaki aliyekaa siku mbili barabarani bila barafu ya kutosha si salama kwa sababu tu ni Mkenya. Dalili za samaki mbichi hazina utaifa: macho maangavu, mashavu mekundu, nyama inayorudi mahali pake ikibonyezwa kwa kidole. Aliyekwisha kukaangwa ameficha dalili zote hizo, na hapo ndipo baadhi ya wauzaji humwita wa katoni kuwa ni wa ziwani ili wadai bei ya juu. Udanganyifu huo humwibia mteja, lakini humwibia zaidi mvuvi na mfugaji, kwa kuwa jina lao ndilo linalouzwa bila wao kupata chochote.

Yupo samaki mmoja ambaye bei yake Rongai bado huamuliwa na ziwa. Omena, au dagaa, haji kwa katoni kutoka Guangdong. Kila mwaka Kenya hufunga uvuvi wake kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili azaliane, na katika miezi hiyo kikombe cha omena katika vibanda vya Rongai huwa kidogo au ghali, au vyote viwili, licha ya nyongeza inayofika kutoka upande wa Uganda na Tanzania. Ndiye samaki wa maskini kuliko wote. Sehemu kubwa yake, hata hivyo, haifiki mezani: husagwa na kuwa chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa, wakiwemo tilapia wa vizimba wanaotarajiwa kuishinda katoni. Kadiri vizimba vinavyoongezeka, ndivyo viwanda vya chakula cha mifugo vinavyozidi kugombania gunia la omena na mama anayelitafuta Gikomba saa kumi alfajiri.